Gitaa la Kapteni

Sabuni aligundua kwamba gitaa linaweza kuuawa kwa maneno siku alipokuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili unasubiri zamu.

Dirisha la ghorofani, jengo la ng'ambo ya barabara, lilikuwa wazi, na ndani yake mtu alikuwa anapiga gitaa la umeme. Tuseme alikuwa anagombana nalo. Kila uzi aliougusa ulitoa sauti yake, na nyuma ya sauti ukafuata mkoromo, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Nani huyo?" Sabuni aliuliza.

"Karani wa benki," kinyozi alisema. "Alilinunua kwa mbwembwe ampigie mchumba wake. Tangu ukame uingie linakoroma hivyo. Leo asubuhi kaniuliza kama namjua mtu wa kumuuzia."

"Mtu wa namna gani?"

"Asiyejua magitaa."

Sabuni alijivua kitambaa cha kinyozi, akakikunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe. "Nakuja umalizie," alisema, akavaa kofia na kuvuka barabara.

Waliomjua walimwita Sabuni, na jina halikukosea njia. Alinukia vizuri, aliteleza ukimshika, na akishapita kwako alikuacha umetakata mfukoni. Alikuwa ameuza viwanja vyenye wenyewe, dawa ya kurefusha watoto wafupi, na safari moja ya ng'ambo iliyoishia stendi. Kati ya kazi hizo za heshima aliwahi pia kufanya kazi ya kweli, katika karakana ya fundi wa ala za muziki. Huko alikaa hadi fundi alipogundua kwamba gitaa la mteja mmoja limeuzwa kwa mteja mwingine. Aliondoka na elimu yote na bisibisi zote.

Kwa hiyo alijua jambo ambalo karani wa benki hakulijua. Mbao ya gitaa ni kama ngozi ya mtu, inasikia hali ya hewa. Hewa ikikauka, shingo ya gitaa hunyooka kupita kiasi, nyuzi zikashuka na kuanza kugusa vile vyuma vidogo vilivyopangwa kwenye shingo kama ngazi. Hapo ndipo mkoromo unapozaliwa. Dawa yake ni kispana cha umbo la L na subira ya dakika chache, kwa sababu ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na fimbo hiyo hukazwa au kulegezwa. Basi.

Karani alipofungua mlango alimkuta mtu mwenye kofia na uso wa msiba.

"Samahani ndugu yangu," Sabuni alisema. "Nilikuwa napita chini nikasikia. Mimi ni daktari wa magitaa. Nisingelala usingizi kama ningepita bila kukupa pole."

Aliletewa gitaa. Hakuligusa haraka. Kwanza alinawa mikono. Kisha akaliweka mapajani, akagonga shingo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. Akakandamiza uzi mnene mwanzo wa shingo na mwisho wa shingo, akachungulia katikati kama kuna upenyo hata wa unene wa kadi. Hapakuwa na upenyo. Hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililokuwa la kweli peke yake mchana ule.

"Uti wa mgongo," alisema kwa sauti ya chini.

"Umefanyaje?"

"Umekufa ganzi. Likiendelea kupigwa litapasuka. Umeme nao umo humo humo. Sitaki kukutisha."

Karani alilitazama gitaa, akatazama mlango, akasogea karibu. "Sasa nikimuuzia mtu asiyejua?"

Sabuni alifumba macho kwa uchungu. "Ndugu yangu, mimi na wewe tuna dini."

Karani aliona haya. Na mtu akishaona haya, bei yake hushuka. Sabuni alikubali, kwa moyo mzito, kulichukua gitaa lile kwa ajili ya vipuri. Alitoa pesa ya kununulia kuni, karani akamshukuru na kumfungulia mlango.

Chumbani kwake alilegeza nyuzi, akaingiza kispana kichwani mwa shingo, akalegeza fimbo robo ya mzunguko. Akasubiri mbao ipumue. Akafuta jasho la karani kwenye shingo kwa kitambaa kikavu, akapaka mafuta kidogo ya mbao, akafuta tena. Akafunga nyuzi mpya, akazivuta kwa vidole moja moja mpaka zikaacha kulegea. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia, aliinua skrubu kwa unene wa unywele mmoja tu. Gitaa likaimba kama lililookoka. Kesho yake akarudi kwa kinyozi, akamaliziwa upande wa pili wa kichwa, na tangu siku hiyo akawa Daktari.

Mji ulikuwa na magitaa mengi mabovu kuliko mtu angedhani. Kulikuwa na la kwaya, la mwanafunzi wa chuo, la baba mmoja aliyelinunua siku alipohisi anazeeka. Yote Sabuni aliyatangazia kifo, akayabeba kwa heshima ya mazishi, akayafufua chumbani. Na yote, kila moja likipewa jina la mpigaji maarufu, aliyauza kwa mtu mmoja, Bosi Misumari.

Huyu alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Alipima misumari kwa mizani iliyojua kumhurumia mwenyewe, na hakuna fundi aliyewahi kutoka pale na kilo iliyotimia. Lakini nyuma ya duka, kupita mifuko ya saruji, alikuwa na chumba kidogo chenye spika na kiti cha kuzunguka, na humo alipiga gitaa kila jioni baada ya kufunga. Alipiga vibaya. Alipiga vibaya kwa mapenzi makubwa, akaamini kosa ni la chombo, akanunua chombo kingine. Mteja wa namna hiyo haokotwi jalalani.

Ukutani mwa chumba kile palikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe. Mwanamume mrefu ndani ya koti amesimama ameshika gitaa, na koti limefunika zaidi ya nusu yake, imebaki shingo na kichwa cha gitaa.

"Kapteni," Bosi Misumari alisema alipomwona Sabuni anaitazama. "Bendi yake ndiyo tuliyochezea ujana wetu. Amefariki. Gitaa hilo liko kwa mjane wake mpaka leo. Nimebisha hodi kwake mpaka vifundo vimechubuka, hataki hata kunisikiliza. Daktari, ukinipatia hilo, wewe taja tu."

Moyo wa Sabuni ulipiga mara moja, kwa nguvu, kisha ukatulia na kuanza kufanya hesabu.

Mjane aliishi nyumba ya mwisho ya mtaa tulivu, yenye geti la bati na sufuria za maua. Watu walimwita Mama Kapteni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani na maneno machache. Alimsikiliza Daktari akieleza kwamba anapita nyumba kwa nyumba kuangalia magitaa ya zamani, bure, kwa kumuenzi marehemu. Alimtazama usoni, akamtazama viatu, akafungua mlango.

"Karibu, mwanangu. Umetumwa na Mungu."

Chini ya kitanda cha chumba cha wageni palikuwa na magitaa kadhaa, kila moja limefungwa shuka kama maiti. Sabuni alikuwa ameshafungua mdomo atangaze vifo, lakini Mama Kapteni akamtangulia.

"Shida yangu ni hii. Marehemu alikuwa nayo yote haya, na lake la moyoni lilikuwa moja. Mimi kwa macho sijui lipi. Ila sauti yake nikiisikia, naijua hata nikiwa usingizini. Sasa yote yamekuwa mabubu. Ungenitengenezea, mwanangu, nikalisikia hilo moja, mengine yasingenihusu tena."

Sabuni alifunga mdomo. Ukimwambia mtu magitaa yote yamekufa, atayatupa yote, na lile la Kapteni litakuwa humo humo. Hapakuwa na njia ila kufufua kwanza na kuua baadaye. Alivua koti.

Basi Sabuni akafanya kazi. Nasema akafanya kazi, na ninaomba msomaji apokee neno hilo kwa uzito wake, kwa sababu mwili wake ulilipokea kama homa. Kila siku alikuja asubuhi akaketi sebuleni kwa Mama Kapteni, gitaa limelazwa mezani, shingo imeegemea mto. La kwanza nyuzi zilikuwa na kutu mpaka zinakata kidole. Alizitoa, akasugua vyuma vya shingo hadi vikang'aa, akafunga mpya alizonunua mwenyewe. La pili lilikuwa zuri mwanzo wa shingo, ukipanda juu likaanza kusema uongo: uzi mtupu sawa, uzi huohuo ukibanwa katikati unapanda kupita sauti yake. Hapo alirudisha nyuma kile kitandiko kidogo cha uzi kwenye daraja, akasikiliza, akarudisha tena kidogo, mpaka sauti mbili zikawa mtu na pacha wake. Bisibisi ilimteleza ikaacha mkwaruzo mdogo kando ya skrubu. La tatu halikutoa sauti kabisa. Alifungua kifuniko cha nyuma, akakuta waya wa tundu la kuchomekea umeachia, akauchomelea kwa risasi ya kuyeyusha huku moshi ukimwingia machoni.

"Hapo unafanya nini, mwanangu?" Mama Kapteni aliuliza, akiweka chai.

Sabuni alieleza. Hakuwa na haja ya kueleza, lakini mtu aliyedanganya miaka mingi akipata jambo moja la kweli la kusema hulisema kwa raha. Alimweleza kwa nini gitaa halisimamishwi karibu na jua la dirishani, kwa nini mikono inaoshwa kabla na nyuzi zinafutwa baada. Mama Kapteni aliitikia kwa kichwa, akaondoa kikombe.

Kila gitaa lilipokamilika, Sabuni alilipiga. Mama Kapteni alikaa mkabala, akavua miwani, akafumba macho. Alisikiliza mpaka sauti ya mwisho ikaisha ukutani.

"Zuri," alisema. "Lakini silo."

Na gitaa likasimamishwa kwenye kona, na siku iliyofuata kona ikawa tupu.

"Lile jingine liko wapi?" Sabuni aliuliza mara moja.

"Nimempelekea binti yangu. Yananijazia nyumba."

Sabuni hakujali. Akili yake ilikuwa kwa lililobaki.

La mwisho lilikuwa jekundu, zito, shingo imechakaa rangi pale kidole gumba kinapopita. Lilimtesa kuliko yote. Alipolishusha nyuzi lilikoroma, alipozipandisha likawa gumu kama uzio. Alirudi kwenye fimbo, akarudi kwenye daraja, akarudi kwenye fimbo. Alipofika mwisho alikuwa ameloa jasho na amesahau kabisa kilichomleta. Alipiga.

Mama Kapteni hakufumba macho. Alichukua leso, akaiweka kwenye midomo, mabega yakaanza kutikisika.

"Ndilo," alisema.

Sabuni alimwacha alie, akakumbuka kazi. Alivuta kiti, akashusha sauti. "Mama yangu. Sikupenda nikuambie leo. Umewahi kumwona mgonjwa anayepata nafuu ghafla, akaomba uji, akacheka na watu, na usiku huo huo akakata roho?"

"Nimemwona. Marehemu mwenyewe."

"Basi na gitaa hufanya hivyo. Sauti hii uliyoisikia ni ya kuaga."

Mama Kapteni alifuta macho. "Kama linakufa, nitalizika pamoja naye. Kesho nitatafuta watu wachimbe."

"Usiharakishe, mama."

"Nitaharakisha. Kitu cha marehemu hakiachwi kioze juu ya ardhi."

Hapo Sabuni aliona duka la Bosi Misumari likididimia kaburini. Akasema yeye angelichukua, alitunze siku zake za mwisho. Mama Kapteni akasema hawezi kumbebesha mtu mzigo huo. Sabuni akasema atatoa na kitu kidogo, cha heshima. Mama Kapteni akauliza heshima kiasi gani. Maneno yakaenda yakirudi, mjane analia, Daktari anapandisha, na kila alipopandisha mjane alilia zaidi, kwa sababu, alisema, aliona anamuuza mume wake. Jioni ile Sabuni alitoa akiba yote aliyoivuna kwa maiti za magitaa. Haikutosha heshima. Akauza friji.

"Na yale mengine uliyonitengenezea," mjane alimuuliza getini, "nikulipe nini?"

"Hayo ni sadaka, mama," Sabuni alisema, na kwa wakati ule alijiona ni mtu mwema.

Alifika dukani gitaa likiwa ndani ya begi, begi likiwa kifuani kama mtoto. Bosi Misumari alimvutia nyuma haraka kabla hajafungua mdomo, akafunga mlango kwa komeo.

"Daktari, umechelewa kidogo tu. Mama wa watu kaja mwenyewe. Kaja analia. Kasema ndugu wa marehemu wanalitafuta, wakilipata watalipiga mnada, bora alichukue mtu aliyempenda Kapteni. Kaniomba nimfichie siri." Alifungua kabati. "Shika. Sikia lilivyo laini. Nyuzi ziko chini na halikoromi hata kidogo. Watu wa zamani walijua kutengeneza vitu."

Sabuni alilishika. Kando ya skrubu ya daraja palikuwa na mkwaruzo mdogo wa bisibisi.

Aliutazama kwa muda mrefu. Mtu anaweza kusoma barua ya kufukuzwa kazi katika mkwaruzo mdogo hivyo.

"Wewe mtaalamu," Bosi Misumari alisema, na sauti yake ikawa nyembamba ghafla, ya mtu aliyelipa sana. "Niambie. Ni lenyewe?"

Jibu la kweli lilikuwa karibu, ulimini kabisa. Lakini nyuma ya jibu hilo kulikuwa na swali, Umejuaje, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na karani wa benki, na kwaya, na fundi wa zamani, na magitaa mengine ndani ya chumba hikihiki aliyoyauza kwa majina ya uongo. Sabuni alipima mlango uliofungwa komeo. Alimpima Bosi Misumari, ambaye mikono yake ilibeba saruji tangu utoto.

"Ni lenyewe," alisema.

"Na hilo ulilobeba?"

"Hili? Hili ni la mgonjwa tu. Nalipeleka nyumbani."

Alilipeleka kwa Mama Kapteni. Alimkuta barazani anamwagilia maua.

"Mama, umeniuza."

"Wewe nimekuuzia," alisema bila kugeuka. "Kukuuza ningepata nini?"

"Nitamwambia Misumari."

"Mwambie. Atataka kujua ulikuja kwangu kutafuta nini, utamweleza. Mwambie na daktari wa meno, naye analo lake, kalificha mkewe asijue. Na mwalimu wa kwaya." Aliweka ndoo chini. "Mwanangu, mimi nimekaa mlangoni nikikata tiketi za bendi ile ujana wangu wote. Anayekuja kulipa na anayekuja kupita bure nawajua kwa viatu. Wanaolipa huja na viatu vya kuchezea. Wewe ulikuja na viatu vya kukimbilia."

Sabuni alitazama viatu vyake. Hasira ilikuwa imemjaa, na katikati ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokichukia zaidi, ambacho kilifanana sana na heshima.

"Niambie jambo moja tu," alisema. "Lile la kweli la Kapteni ni lipi kati ya yote?"

Mama Kapteni alimtazama kwa huruma ya kweli, ya kwanza tangu wafahamiane.

"Marehemu alikuwa mwimbaji. Gitaa hakujua hata linashikwa upande gani. Yale ya chini ya kitanda ni mabaki ya bendi. Picha ile mpiga picha ndiye aliyemshikisha, mikono ilikuwa inamtetemeka akakosa pa kuiweka. Ndiyo maana koti limelifunika. Walikuwa wanaficha alivyolishika." Akachukua ndoo. "Chai ipo, kama unataka."

Sabuni hakutaka chai. Alilibeba gitaa jekundu mpaka nyumbani, akalitundika mahali palipokuwa na friji. Alijaribu kuliuza. Akisema ni la Kapteni, mnunuzi angefika kwa Misumari akitaka uthibitisho. Akisema ni gitaa zuri tu, limetengenezwa vizuri na mikono yake mwenyewe, watu walimcheka na kutaja bei ya kuni. Likabaki ukutani.

Njaa haina aibu, na Bosi Misumari alikuwa anahitaji mtu wa kulitunza gitaa la Kapteni. Sasa kila Jumamosi Sabuni hupita kwenye mifuko ya saruji, hunawa mikono, hufuta nyuzi, huangalia shingo kama hewa imeipinda, na kulipwa ujira mdogo kwa kazi ya kweli. Kisha humbidi akae, mwenye duka apige, naye asikilize mpaka mwisho na kusifu. Mara nyingine Misumari humleta rafiki mmoja wa kuaminika, akamfungulia kabati kwa kunong'ona, na rafiki hubaki amesimama mbele ya chombo kile kama amefika kaburini kwa mtakatifu.

Jumamosi iliyopita rafiki huyo alikuwa mzee mwenye fimbo. Alilitazama gitaa, akaitazama picha, akamgeukia Daktari.

"Wewe uliyelifungua mpaka ndani, hebu niambie. Kapteni alikuwa anapigaje?"

Bosi Misumari alisogea karibu. Sabuni alikunja kitambaa chake mara mbili, taratibu, akakiweka juu ya spika.

"Mzee wangu," alisema, "sijawahi kusikia mtu akipiga kama yeye."